Kabla Hakijatolewa: Namna ya Kudai Haki Yako Ukiumizwa na Kiungo Bandia Chenye Kasoro

Kama umeshapangiwa tarehe ya kupasuliwa tena ili nyonga au goti bandia linalokutesa litolewe, usianze na wakili. Anza na barua. Iandike kwa daktari bingwa wa mifupa atakayekupasua, nakala moja iende kwa mganga mkuu wa hospitali, nyingine kwa maabara inayopokea nyama zinazokatwa theata. Omba mambo matatu: kifaa kikitolewa kisitupwe, kisikabidhiwe kwa mtu yeyote bila idhini yako ya maandishi, na kipigwe picha mara tu kinapotoka, namba zake zikisomeka. Hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa. Siku ya kusaini fomu ya ridhaa, andika maneno hayohayo kwa mkono kwenye fomu yenyewe. Theata wanasoma fomu ya ridhaa. Barua iliyolala ofisini hawaioni.

Nasisitiza hivi kwa sababu mimi nilibakiwa na saa chache tu. Nyonga yangu ya kushoto ilikuwa ya chuma kwa chuma, yaani kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha chuma. Mwaka wa nne ilianza kulia kila nikiinuka kitini, kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta. Yakafuata maumivu ya kinena yaliyokuwa yakishuka hadi gotini. Nikaambiwa ni kawaida, nipunguze uzito, nifanye mazoezi. Mwaka wa sita daktari mwingine alinipima damu, kobalti, moja ya metali za kifaa hicho, ikasomeka mikrogramu 31 kwa lita. Mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza ilitoa tahadhari mwaka 2010 kwamba mwenye nyonga ya chuma kwa chuma akifikisha mikrogramu 7 afuatiliwe kwa karibu. Usiku wa kuamkia upasuaji mdogo wangu akauliza, "Hicho chuma wakishakitoa kinakwenda wapi?" Muuguzi wa zamu akamjibu kwa upole kwamba vitu vya theata huchomwa. Barua yangu niliiandika saa nne usiku, nyuma ya karatasi ya majibu ya maabara.

Siku ya tatu waliniletea kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu. Kichwa cha ile nyonga kilikuwa kinang'aa, nikajiona uso wangu ndani yake. Moyo ukanyong'onyea, nikasema basi hakina kosa lolote. Daktari akakigeuza kichwa chini juu, akanionyesha tundu linalochomekwa kwenye shina, kile kipande kinachozama ndani ya mfupa wa paja. Ndani kulikuwa na weusi mkavu, kama masizi ya chini ya sufuria. Chuma kilikuwa kinasagana pale, mahali ambapo hakuna eksirei ingepaona. Kama kopo lile lingeingia kwenye tanuri la taka, sidhani kama kesi yangu ingesimama.

Ukishakipata, usikioshe, usikisugue, usikipake dawa. Hospitali itaondoa maambukizi kwa utaratibu wake. Zaidi ya hapo kiachwe kilivyo. Fungua karatasi moja ya kumbukumbu: kimetoka kwa nani, kimeingia kwa nani, tarehe, saa, sahihi zote mbili. Kila kinapohama, mstari mpya. Na mtu yeyote akitaka kukikata ili akipime, hata awe mtaalamu uliyemlipa wewe, mkatalie kwanza mpaka upande wa pili waarifiwe na wapewe nafasi ya kuwapo. Kukata kielelezo kwa siri ni kumpa mdaiwa sababu ya kuiambia mahakama kwamba umeharibu ushahidi. Zile nyama zilizopelekwa maabara nazo huhifadhiwa kwenye vipande vya nta. Omba visitupwe muda wao wa kawaida ukiisha.

Kama chako kilishatupwa zamani, usikate tamaa. Kuna karatasi.

Stika ndogo kwenye faili

Nilifanya kazi ya ukarani wa stoo miaka ishirini na miwili, kwa hiyo jambo hili nililielewa haraka kuliko mengine yote. Kila kipande cha kiungo bandia huja kwenye boksi lake na stika kadhaa za kubandua. Muuguzi wa theata huzibandua na kuzibandika kwenye ripoti ya upasuaji au ukurasa wa nyuma yake. Kwenye stika utaona jina la mtengenezaji, neno REF na namba yake, ambayo ni namba ya katalogi, kisha LOT na namba ya toleo, au SN ikiwa ni namba ya kifaa kimojakimoja. Nyonga moja inaweza kuwa na stika nne au zaidi: kikombe, bitana ya ndani, kichwa, shina, na skrubu kama zilitumika. Zihesabu. Vipande vya mtu mmoja vinaweza kuwa vimetoka kwa watengenezaji wawili tofauti, na ukimshtaki asiyehusika umepoteza muda na pesa.

Kwa hiyo unachokiomba hospitali si "faili langu" kwa ujumla. Ukisema hivyo utapewa muhtasari wa kuruhusiwa, kurasa mbili. Taja kwa majina: ripoti ya upasuaji ya siku ile, ukurasa wa stika, fomu ya ridhaa, kumbukumbu za kliniki kabla na baada, picha zote za eksirei zenyewe na siyo maelezo yake tu, na majibu yote ya damu. Omba kwa maandishi, weka tarehe. Nchi nyingi zimempa mgonjwa haki ya kupata taarifa zake kisheria, na hospitali ikikataa, ikatae kwa maandishi. Mimi nilikwenda masijala mara tano. Mara ya tano dada wa masijala alinifungulia faili mwenyewe, tukaukuta ukurasa wa stika umegandamana na bahasha ya eksirei. Tuliubandua kwa ncha ya rula, polepole, stika moja ikachanika kwenye kona lakini namba ilibaki. Nilimshukuru yule dada kwa machozi.

Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika Mei 2021, unamtaka mtengenezaji aambatanishe kadi ya kipandikizi ili mgonjwa apewe. Kama uliwahi kupewa kadi kama hiyo, itafute leo.

Ukiwa na namba hizo, fanya upelelezi wako kabla hujamlipa mtu. Tafuta matangazo ya kurejeshwa kwa bidhaa kwenye tovuti za mamlaka za vifaa tiba: FDA ya Marekani, MHRA ya Uingereza, TGA ya Australia. Linganisha REF na LOT herufi kwa herufi, kwa sababu tangazo linaweza kugusa toleo moja na kuliacha jirani yake. Kisha fungua ripoti za kila mwaka za rejista za viungo bandia. Sweden ilianza rejista ya magoti mwaka 1975 na ya nyonga mwaka 1979; Australia ilifuata mwaka 1999, Uingereza na Wales mwaka 2003. Zinaonyesha kila aina ya kifaa na asilimia ya waliolazimika kupasuliwa tena. Hata kama wewe ulipasuliwa mahali pasipo na rejista, kifaa ni kilekile, na hesabu za huko ni ushahidi ambao mtaalamu wako anaweza kuutumia.

Toa taarifa pia kwa mamlaka ya udhibiti ya nchi yako. Hawatakulipa. Lakini taarifa yako ina tarehe na namba, na zikijaa nyingi ndipo tangazo hutoka.

Kuharibika si lazima iwe kasoro

Hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wengi hawapendi kulisikia. Kiungo bandia kinaweza kulegea, kuchakaa au kuingiwa na vijidudu bila mtu yeyote kukosea. Mahakama haiulizi kama umeumia. Inauliza kama kifaa kilikuwa na kasoro, na kama kasoro hiyo ndiyo iliyokuumiza.

Wanasheria wanazitofautisha kasoro tatu. Ya kwanza ni ya usanifu, pale ambapo kila kifaa cha aina ile kimekosewa tangu kwenye mchoro. Mfano unaojulikana ni nyonga ya ASR ya kampuni ya DePuy: iliondolewa sokoni duniani kote Agosti 2010, baada ya takribani 93,000 kuwekwa mwilini mwa watu, rejista ya Uingereza na Wales ilipoonyesha kwamba takriban 12 hadi 13 kati ya kila 100 walikuwa wamepasuliwa tena ndani ya miaka mitano. Ya pili ni ya utengenezaji: mchoro ni sawa, kiwanda kimekosea. Mwaka 2000 kampuni ya Sulzer ilirejesha vikombe vya nyonga kwa sababu ya mabaki ya mafuta ya mashine yaliyozuia mfupa kushikana na chuma. Mwaka 2021 Exactech ilianza kurejesha bitana za plastiki zilizofungwa kwenye mifuko iliyokosa tabaka moja la kuzuia hewa, oksijeni ikaingia na kuidhoofisha plastiki hata kabla haijamfikia mgonjwa. Ya tatu ni ya maelezo: mtengenezaji alijua hatari na hakuitaja, au aliitaja kwa maneno ya kufunika. Kwa kasoro hii, ushahidi wa daktari wako una uzito mkubwa kuliko wako, kwa kuwa maonyo ya kifaa huandikiwa yeye. Anatakiwa aweze kusema, "Ningeambiwa, nisingekitumia." Kwa hiyo usigombane na daktari wako kabla hujajua yuko upande gani.

Sasa jiandae na majibu ya mdaiwa, maana nayo yanajulikana. Atasema ni maambukizi. Ndiyo sababu kabla ya upasuaji wa marudio daktari anapaswa kuvuta majimaji ya kiungo na kuyaotesha maabara. Majibu hayo yakiwa safi, yatunze kama hati ya nyumba. Atasema daktari alikiweka kikombe kwa pembe mbaya; eksirei za mwanzo zitajibu hilo. Atasema ulikuwa na aleji, uzito, ulibeba mizigo. Wakili wa upande wa pili aliniuliza mimi mara tatu kama stoo nilikuwa nanyanyua maboksi. Nilikuwa karani. Nilikuwa nabeba kalamu na leja. Ilinibidi nipeleke barua ya mwajiri kuthibitisha.

Umshtaki nani

Mtengenezaji ndiye wa kwanza. Nchi nyingi zina sheria inayomwajibisha kwa bidhaa yenye kasoro bila wewe kuthibitisha uzembe wake. Ulaya iliweka msingi huo kwa mwongozo wa mwaka 1985, na Uingereza ikautungia sheria mwaka 1987. Pale ambapo sheria kama hiyo haipo, na mahakama zinafuata mapokeo ya Kiingereza, bado kuna njia ya uzembe inayotokana na kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932, ile ya mama aliyekuta konokono kwenye chupa ya kinywaji. Tangu siku hiyo mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuuziana kitu. Njia hii ni nzito zaidi, maana unatakiwa uonyeshe alichokosea.

Mtengenezaji akiwa nchi ya mbali, mwangalie aliyeleta mzigo. Chini ya sheria ya Ulaya, mwagizaji anayeingiza bidhaa kwenye soko la Umoja huo anawajibika kama mtengenezaji, na nchi nyingine zina vifungu vinavyofanana. Jina lake linaweza kuwa kwenye stika au kwenye ankara ya hospitali. Kumfuata mtengenezaji mahakamani kwao kunawezekana, ila jaji wa huko anaweza kusema shauri liende ulikopasuliwa, na mwaka mzima ukapotea kwenye hoja hiyo tu.

Daktari na hospitali ni mlango tofauti, wa uzembe wa kitabibu: alichagua kifaa ambacho tangazo la kukirejesha lilishatoka, alikiweka vibaya, hakukueleza hatari, au alipuuza malalamiko yako kwa miaka. Kuna kesi ambazo ni lazima kuwashtaki wote wawili, kwa sababu ukimshtaki mtengenezaji peke yake atamnyooshea daktari kidole, na daktari hayupo mahakamani kujibu. Wakili mzuri atakuambia mapema kama yako ni ya namna hiyo. Na kama ulilipa mwenyewe kwenye hospitali binafsi, muulize pia kuhusu mkataba wa mauzo na sheria ya kumlinda mlaji.

Zipo nchi ambazo hazitaki umshtaki mtu kabisa. New Zealand ina mfuko wa fidia usiouliza nani kakosea, na ukiwa chini yake huwezi kudai fidia ya jeraha hilo mahakamani. Sweden ina bima ya majeraha ya wagonjwa. Uliza kama nchi uliyopasuliwa ina kitu kama hicho kabla hujafungua shauri lolote.

Nitaje kesi mbili za Marekani na moja ya Ulaya, kwa sababu zimebadilisha mambo. Mwaka 1996, katika kesi ya Lohr, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu madai dhidi ya vifaa vilivyopita njia fupi ya kuidhinishwa kwa kufananishwa na vya zamani. Mwaka 2008, katika kesi ya Riegel, iliyafunga madai mengi dhidi ya vifaa vilivyopita uchunguzi kamili. Kwa hiyo swali la "kifaa changu kiliidhinishwa kwa njia gani" linaweza kuimaliza kesi au kuifungua. Ulaya, Machi 2015, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwenye kesi ya mashine za moyo za Boston Scientific kwamba kama kundi la vifaa vya aina ileile limeonekana kuwa na uwezekano wa kasoro, kila kifaa cha kundi hilo kinaweza kuhesabiwa kuwa na kasoro bila kuthibitisha kwamba chako hasa kimeharibika. Ukiwa na LOT yako, unajua kama uko ndani ya kundi.

Saa inahesabu hata ukiwa kitandani

Ukomo wa muda ndio unaoua madai mengi ya haki. Uingereza na nchi za Ulaya zinazofuata mwongozo ule zinatoa miaka mitatu tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba umeumia na kwamba kifaa ndicho chanzo. Juu yake kuna ukuta wa pili: miaka kumi tangu kifaa kilipoingizwa sokoni, ujue usijue. Mwongozo mpya wa Ulaya wa mwaka 2024, kwa bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026, unaongeza ukuta huo hadi miaka 25 kwa majeraha yanayochelewa kujitokeza. Marekani kila jimbo lina muda wake. Kwingine ni mwaka mmoja tu, hasa hospitali ikiwa ya serikali, na kunaweza kutakiwa notisi kabla ya shauri.

Lini "ulijua"? Mdaiwa atatafuta tarehe ya mapema kuliko zote: siku nyonga ilipoanza kulia, au siku tangazo lilipotoka gazetini. Wewe utasema siku daktari alipokuambia. Chukua hesabu ya mdaiwa, siyo yako, na ufungue kabla haijaisha. Mazungumzo ya kirafiki na kampuni hayasimamishi saa, labda mkubaliane hivyo kwa maandishi.

Bahasha yenye fomu nzuri

Mwezi wa pili baada ya upasuaji nilipokea barua ya adabu sana kutoka kwa mtengenezaji. Watalipia vipimo vya damu na nauli za kliniki. Mimi nisaini tu fomu iliyoambatanishwa. Kalamu ilikuwa mkononi. Mdogo wangu akaisoma kwa sauti, na kwenye kifungu cha nne nilikuwa nawaruhusu wakala wao kuchukua jalada langu lote la matibabu, tangu kuzaliwa, na kupokea kifaa kilichotolewa "kwa ajili ya uchunguzi". Kifungu cha nne, mstari wa mwisho wa ukurasa. Niliirudisha kalamu mezani.

Sisemi kila programu ya aina hii ni mtego. Gharama za vipimo zinaweza kulipwa bila wewe kupoteza haki ya kudai. Ila usisaini chochote kinachohusu kifaa, jalada lako au "kuridhika" na malipo mpaka wakili wako amekisoma. Usizungumze na wakala wao kwa simu, mwambie aandike.

Wakili, na kwenda na wenzako

Tafuta aliyewahi kushughulikia kesi za vifaa tiba au dawa, siyo za ajali za barabarani peke yake. Mimi nilikwenda na mfuko mzima wa karatasi, nikamwaga mezani. Aliupekua kimya, akatoa ukurasa mmoja tu, ule wa stika wenye kona iliyochanika. "Mama, tuanzie hapa," akasema. Nikajua nimefika.

Muulize nani atalipia mtaalamu wa vyuma na daktari wa kutoa ushahidi, maana hao ndio gharama kubwa. Uliza kama sheria ya kwenu inamruhusu alipwe asilimia ukishinda tu. Nchi nyingine zinakataza. Na uliza swali ambalo watu hulisahau: tukishindwa, nitalipa gharama za upande wa pili?

Swali hilo lina historia. Mei 2018, Mahakama Kuu ya London ilitoa hukumu dhidi ya wadai 312 waliokuwa na nyonga ya Pinnacle ya chuma kwa chuma. Walikuwa wengi, walikuwa na mawakili wazuri, lakini walishindwa kuthibitisha kwamba hatari ya kifaa kile ilizidi kile ambacho watu walikuwa na haki ya kukitarajia wakati kilipoingia sokoni. Miaka miwili nyuma yake, mabaraza ya wazee wa mahakama huko Dallas, Marekani, yalikuwa yamewapa wagonjwa wenye nyonga ya jina hilohilo mamia ya mamilioni ya dola. Jina ni moja, sheria ni mbili. Usimwamini wakili anayekuonyesha ushindi wa nchi nyingine kama hakikisho.

Kesi ya pamoja inagawana gharama za wataalamu na inampa mdaiwa sababu ya kukaa mezani. Lakini ukiwa ndani ya kundi, masharti ya kundi yanakubana. Makubaliano ya ASR ya Marekani ya Novemba 2013, ya takribani dola bilioni 2.5, yaliwahusu waliokuwa wameshatolewa kifaa kabla ya tarehe 31 Agosti 2013. Waliokuwa bado nacho mwilini, wakiwa na maumivu au hofu, hawakuwamo. India ilikwenda njia nyingine: mwaka 2018 serikali iliunda kanuni ya fidia kwa wagonjwa wa ASR, kati ya rupia milioni 3 na milioni 12.3 kutegemea umri na ulemavu, na kampuni ikaipinga mahakamani. Pale ambapo mahakama ziko mbali na mgonjwa, shinikizo la wagonjwa waliojiorodhesha pamoja linaweza kuifikisha serikali hapo.

Unachodai, na unachosaini mwisho

Nunua daftari. Andika kila siku kwa mistari miwili: ulitembea kiasi gani, ulilala saa ngapi, nani alikusaidia na kwa saa ngapi. Ukurasa wangu mmoja unasema tu: "Ngazi kumi na moja. Nimepumzika kwenye ya sita. Mdogo wangu amenifunga viatu." Jaji hawezi kuyakumbuka maumivu yako, na wewe mwenyewe baada ya miaka mitatu utakuwa umeyasahau kwa sehemu. Tunza risiti za dawa, nauli, magongo, kiti cha choo. Dai mshahara uliopotea na utakaopotea, uuguzi wa ndugu hata kama hukuwalipa, maumivu yenyewe, na upasuaji wa baadaye, kwa sababu kiungo kilichobadilishwa mara moja hakidumu kama cha kwanza.

Kesi za namna hii nyingi humalizwa nje ya mahakama. Yangu ilimalizwa hivyo, na masharti yake ndiyo yananizuia kumtaja mtengenezaji au kiasi. Kabla hujasaini hati ya kumaliza madai, soma mambo haya na wakili wako. Je, inafunga upande huu tu, au na nyonga ya pili iliyo na kifaa cha aina hiyohiyo? Je, bima iliyolipia upasuaji itakuja kudai sehemu yake kwenye fidia, na kiasi gani? Je, ukiharibikiwa zaidi unaweza kurudi? Uingereza mahakama inaweza kutoa fidia ya muda inayoacha mlango huo wazi. Hati ya kawaida huufunga kabisa. Na kama kampuni imeomba ulinzi wa mufilisi, kama Exactech ilivyofanya Oktoba 2024, dai lako linapelekwa kwenye mahakama ya ufilisi kabla ya tarehe itakayotangazwa, hata kama kesi yako nyingine ilikuwa inaendelea.

Ukimaliza, omba kielelezo chako kirudishwe, kama makubaliano yanaruhusu. Na kifaa kipya kilichomo mwilini sasa nacho kina stika. Nilizipiga picha tano kabla sijaruhusiwa kutoka wodini, nikamtumia mdogo wangu, nikaziandika kwa mkono ukurasa wa kwanza wa daftari: REF, LOT, tarehe, jina la daktari.